Miaka Minne kwa Jina la Dada Thandeka

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Aliyenisimamisha hapa mbele leo ni Mungu mwenyewe, maana kwa nguvu zangu ningebaki kule nyuma karibu na mlango, kama mlivyonizoea. Mama Pasta aliniambia wiki iliyopita, "Mapendo, usiposema wewe, nani atakusemea?" Basi nimesimama. Mnivumilie. Mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu akianza hanyamazi haraka.

Jina langu ni Mapendo Wilondja. Najua baadhi yenu mnatazamana, kwa sababu ninyi mnaofanya kazi katikati ya mji mlizoea kuniita Thandeka. Hilo ndilo nimekuja kulishuhudia.

Nilifika Durban nikitokea Fizi, kule kwetu Kongo, nikiwa mjane. Kazi niliyoijua ni ya kalamu. Dada mmoja Mkongomani mwenye saluni alinipa kona, nikaweka meza ndogo, nikawa natafsiri vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, najaza fomu, naandika barua za shule. Yule dada alinitendea wema, lakini ile haikuwa ofisi. Mtu alikuja na cheti chake safi, akaondoka nacho kinanukia mafuta ya nywele. Na kilichoniumiza zaidi ni hiki: mtu anayeomba hifadhi lazima aeleze yaliyompata. Siku moja mama mmoja alikuwa ananieleza jinsi mtoto wake alivyopotelea njiani, na wateja watano waliokuwa wanasukwa wakanyamaza wote kumsikiliza. Yule mama akakunja karatasi zake akaondoka. Hakurudi tena. Hapo nikasema, lazima nipate chumba chenye mlango wa kufunga.

Nilizunguka. Mahali pa kwanza, mwenye chumba aliposikia ninavyotamka Kiingereza akasema kimeshachukuliwa. Kesho yake nikapita, tangazo bado liko dirishani. Mahali pa pili waliniuliza tu, "Unatoka wapi?" na mazungumzo yakaishia hapo.

Mahali pa tatu palikuwa jengo la zamani karibu na soko, lililojengwa na Waingereza enzi zao. Lina nguzo nene mbele, ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga, na lifti yenye mlango wa chuma ambayo haijapanda juu tangu sijui lini. Ghorofa ya tatu palikuwa na chumba chenye dirisha refu na mwanga mzuri. Nilisimama pale nikakipenda kama mtu anavyopenda nyumba.

Kwa sababu ni jengo la historia, serikali hairuhusu kupigilia hata msumari ukutani kwa nje. Hakuna mpangaji anayeweka kibao chake barabarani. Badala yake, pale chini unapoingia, kuna ubao mweusi wenye herufi nyeupe za kubandika, na majina ya wapangaji wote yamepangwa kwa ghorofa. Niliuona ule ubao, ndugu zangu, nikageuka nikatoka nje.

Lazima niwaambie kwa nini. Kule kwetu, watu wenye silaha walikuja shuleni tulipokuwa tunafundisha, mume wangu Amisi na mimi. Walikuwa na orodha. Walisimama uwanjani wakasoma majina, moja baada ya jingine, na aliyesikia lake akatoka mbele. Jina la Amisi lilikuwa la nne. Langu halikusomwa. Sijui kwa nini halikusomwa. Tangu siku ile, nikiona majina ya watu yamepangwa ukutani, mwili wangu unakimbia kabla yangu. Hata kuandikisha jina katika kitabu cha kwaya hapa kanisani nilikataa, na mkadhani nina maringo.

Basi nikafanya nilichofanya. Dada Thandeka mnamjua, huyu jirani yangu Mzulu, anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Jacobs. Ndiye aliyenipokea nilipokuwa sijui hata kuvuka robot, hizi taa za barabarani. Nikamwambia, "Dada, wakinisikia mimi hawanipi. Nikodishie kwa jina lako." Akafikiri kidogo, akasema, "Eish, Mapendo. Haya, twende." Alisaini yeye kwa wakala wa vyumba, mwenye jengo mwenyewe hakuwepo. Jina lake likapanda kwenye ubao, na mimi nikaingia chumbani kama Thandeka.

Miaka minne nikaitikia jina lisilo langu. Mlinzi wa pale chini ni Mzulu, na kila asubuhi alinisalimu kwa Kizulu na kutaka tuzungumze. Mimi Kizulu changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu. Nikashika shavu nikaonyesha kwamba jino linaniuma. Kesho yake tena jino. Nadhani hakuna mtu Durban aliyewahi kuugua jino kama mimi. Mnacheka, na mimi sasa nacheka, lakini wakati ule nilikuwa napanda zile ngazi jasho linanitoka. Kazi ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wanafunga mlango, wanakaa, wanalia wakitaka kulia. Niliwaambia wao waseme ukweli wote mbele ya serikali, wasifiche hata kidogo. Mimi mwenyewe nikishuka, nashika shavu.

Sasa sikieni jinsi Mungu alivyonifuata. Siku moja akaja mwanamke kuandikiwa barua ya kazi. Alikuwa anafanya kazi kiwanda kimoja na Thandeka, na alijua sisi ni marafiki. Tukiwa tunaandika akasema, "Ninamwonea huruma rafiki yako. Wale watoto wa marehemu dada yake, serikali imekataa kumpa msaada wao."

Nikauliza, "Imekataa kwa nini?"

"Wanasema eti ana ofisi mjini. Wanasema ni mfanyabiashara."

Mkono wangu ukasimama juu ya karatasi. Thandeka alikuwa analea wale watoto wawili kwa miezi saba. Nilikuwa namwona kila Jumapili, tunakula pamoja, na hakuniambia neno. Jioni nilikwenda kwake nikamkuta anapika. Nikamuuliza mbona amenificha. Akaendelea kukoroga sufuria, akasema, "Ningekuambia, ungetoka pale. Ukitoka, wale watu wako wanakwenda wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba niliamka kesho yake nikaenda kusema kweli. Sikuenda. Nilikaa wiki nzima nikitafuta njia nyingine. Nilifikiri labda niiandikie serikali barua nzuri, yenye maneno ya kisheria, itakayoeleza bila kueleza. Niliandika hiyo barua mara tatu na kila mara niliichana. Niliomba usiku na mchana, lakini nitawaambia ukweli, nilikuwa naomba Mungu abadilishe sheria ili mimi nisibadilike. Mwishowe nilichoka kuomba hivyo. Nikasema, "Baba, nipeleke tu." Kulipokucha nikampigia Thandeka akaomba ruhusa kazini, tukaenda wote wawili.

Mwenye jengo ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa Durban, wote pale tunamwita Anti Devi. Ana chumba chake chini, kimejaa mafaili. Magoti yake ni mabovu, hapandi ngazi, kwa hiyo miaka yote minne tulikuwa tunaonana mlangoni tu. Tulikaa mbele yake. Thandeka akasema yeye ni nani. Anti Devi akanigeukia.

"Na wewe? Jina lako nani?"

Ndugu zangu, halikutoka. Nilifungua kinywa, jina langu mwenyewe nililopewa na baba yangu likakataa kutoka. Thandeka akanishika mkono chini ya meza. Nikavuta karatasi ya Anti Devi, nikaliandika. Halafu maneno yakaja, nikamweleza yote: wale walionikatalia vyumba, wale watoto wawili, ile orodha ya shuleni. Nikamwomba kitu kimoja tu, aandike barua kwamba ofisi si ya Thandeka. "Mimi nitatoka," nikasema.

Alifunga faili lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Kwamba wewe si Mzulu nilijua tangu mwezi wa kwanza. Hakuna jino linaloweza kuuma miaka minne." Lakini hakucheka. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Umenifanya niweke sahihi kwenye uongo. Na huyu mwenzako ndiye ameumia. Barua yake nitaiandika leo hii. Habari ya chumba, nitafikiri. Ijumaa utanisikia."

Thandeka aliondoka na barua yake mkononi. Mimi nilipanda juu nikaanza kufunga vitu: printa, kamusi zangu, kile kiti cha wateja. Mnajua nilijisikiaje? Nilidhani nitalia. Nilikuwa nafunga maboksi huku naimba. Sikuwa na uhakika wa kitu chochote, lakini kile kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani miaka yote kilikuwa kimeondoka.

Ijumaa nikasikia ngazi zinalia, polepole, hatua moja, kimya, hatua nyingine. Nikatoka nikachungulia. Alikuwa Anti Devi, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na karatasi kwa mkono mwingine, anahema. Nikamkimbilia nikamkalisha juu ya boksi. Alipopata pumzi akaniambia habari ya baba wa babu yake. Alisema mzee huyo aliletwa hapa kwa meli kuja kukata miwa, na karani wa bandarini hakuelewa jina lake, akaandika alivyosikia yeye. "Ukoo wetu mpaka leo tunaitwa jina la karani," akasema. "Jina lake la kweli hatulijui. Tumelitafuta, hatukulipata." Akanipa ile karatasi. Ilikuwa mkataba mpya, na pale pa jina hapakuwa na kitu. "Hapo utaandika mwenyewe."

Nikaandika. Akatoa mfukoni bahasha yenye herufi nyeupe, akasema ni za ubao, nizibandike siku nitakayoweza, yeye hatanisukuma.

Sikuweza mara moja. Nilichelewa wiki mbili, nafasi yangu kwenye ubao iko wazi. Jumapili ile mliyoniona nimeanguka pale mbele, mkadhani ni ugonjwa, haukuwa ugonjwa. Mama Pasta aliniwekea mkono akaniuliza ninataka Yesu anifanyie nini, nikasema nataka kuacha kuogopa jina langu. Akasema, "Basi liseme." Nikalisema. Nikalisema tena. Mliniitikia kanisa zima bila kujua mnaitikia nini. Jumatatu asubuhi nilibandika zile herufi. Mlinzi alinishikia kiti nisianguke, akasoma, akasema kwa Kiingereza, "Kumbe huyu ndiye wewe," akanipa mkono kama mtu aliyeniona kwa mara ya kwanza.

Sasa nawaambia jambo ambalo hata Thandeka sikuwahi kumwambia. Siku ile walipokuwa wanasoma orodha uwanjani, mimi nilikuwa bado darasani. Nilifungua dirisha la nyuma nikawatoa wanafunzi saba waliokuwa karibu nalo, nikawaambia wakimbilie mtoni wasigeuke. Nikasikia risasi upande ule ule. Tangu hapo nimeishi nikiamini kwamba niliwapeleka kwenye kifo. Nilikuwa ninamwomba Mungu msamaha kwa wale watoto kila siku, na sikuamini kwamba ananisikia.

Miezi mitatu baada ya kuweka jina langu, akaja mwanamke kijana kwa daktari wa meno aliyeko ghorofa ya kwanza. Alisoma ubao akitafuta daktari. Nilisikia mlango unagongwa, nikamkaribisha, hakukaa. Alisimama akinitazama, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Mwalimu Mapendo, wa darasa la tano?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ni Riziki. Nilikuwa nakaa dirishani."

Sikuweza kumuuliza. Nafikiri aliliona swali usoni mwangu, maana alipiga magoti akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, tulifika," akasema. "Wote saba tulifika." Akanitajia mmoja mmoja na mahali alipo sasa. Mmoja yuko Uvira ana watoto. Mmoja anaendesha lori kule Kigoma. Aliwataja wote, na mimi nilikuwa sakafuni pamoja naye, ninalia kama mtoto.

Riziki alikuwa anaishi Durban miaka miwili, anafanya kazi katika ghala kule Clairwood. Leo amekuja, ameketi pale pembeni ya Thandeka. Na Thandeka, nimshukuru Mungu, barua ilisaidia, wale watoto wamepata haki yao. Asante, dada. Uliumia kwa ajili yangu ukanyamaza, na mimi sina cha kukulipa.

Ndugu zangu, ninajua katika kanisa hili siko peke yangu. Wako hapa wanaoishi kwa jina la mtu mwingine, au kwa habari isiyo yao, na siwahukumu, maana najua hofu inayowaleta huko. Ninawaambia tu kwamba Yesu aliniondoa humo na sikufa. Nilikasirikiwa, nikaaibika, na sikufa. Mtegemee. Na kama unataka kwenda kusema kweli mahali fulani na miguu inakataa, usiende peke yako, mimi sikwenda peke yangu. Ibada ikiisha nitakuwa pale nje. Njoo uniambie, tupange siku, nitakusindikiza.