Mshahara Bila Kipande

"Hivi umechimba dhahabu msimu mzima bila kipande, kadi ya kuandikwa kazi?"

"Bwana wa mgodi alisema asiyeandikwa hadaiwi kodi. Nikamwona mtu wa huruma."

"Huruma anayo. Mshahara je?"

"Kaninyima, baba. Ndiyo naenda kumshtaki bomani."

Muhidini, mwuza kaniki, akacheka mpaka abiria wote wa lori wakageuka. "Jilala mwanangu, bwana shauri, mkuu wa boma, hataanza na mshahara. Ataanza na stakabadhi yako ya kodi."

Jilala tangu Geita alikuwa akipanga maneno ya kumtia bwana wake ndani, na sasa aliona atakayelala ndani ni yeye.

Lori likasimama Shinyanga, mbele ya boma, Jilala akashuka.

"Unataka nini?" askari wa mlangoni akamwuliza.

"Nimekuja kukuamkia tu, afande. Shikamoo," Jilala akasema, akageuka, akaenda zake.