Mkrii Asiye na Lugha

Basi lilijikokota kwenye theluji ya Winnipeg, Kanada, na Delphine, nesi aliyetoka zamu ya asubuhi, alikuwa akisinzia. Kwenye kiti cha mbele yake mzee mmoja alimbana kwa maswali msichana asiyemjua.

"Unajiita Mkrii, mtu wa kabila la wenyeji wa asili wa nchi hii, na lugha yenyewe huna? Basi mimi ni Papa wa Roma!"

"Babu, bibi yangu alichapwa shuleni kwa kuisema. Angenifundisha kwa mdomo upi?"

Mzee alimwinamia. "Nosisim," akasema kwa upole.

"Ndiyo nini?" msichana akauliza.

"Mjukuu wangu," akajibu Delphine, hata hajui mdomo ulifunguka saa ngapi. Miaka yote alijiita Mfaransa, lakini marehemu bibi yake alikuwa akimfunika blanketi usiku huku akimwita kwa neno hilo.

Wote wawili waligeuka. "Na wewe mama, ni wa kina nani?" mzee akauliza.

Basi lilisimama kwenye kituo chake cha kushukia. Delphine hakuinuka.