Ifute Vizuri, Mwanangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, madaktari wetu, mafundi wenzangu, wageni waalikwa, na wewe Mama yetu unayestaafu leo, ambaye tangu nishike kipaza sauti unanitazama kwa jicho la "ole wako uiseme ile habari": shikamoo Mama, na habari nitaisema.

Wageni huenda hawajui kwa nini mkuu wa karakana yetu ya miguu ya bandia anaitwa Mama Futi. Ni kwa sababu kwa miaka thelathini na moja hajaonekana kazini bila futi ya kupimia shingoni. Wapo wanaoapa kwamba hata harusini kwa bintiye alikwenda nayo. Mimi nilimkuta nayo miaka kumi na miwili iliyopita, nilipoajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, nikiwa na cheti kipya, viatu vipya na maneno mengi kuliko kazi.

Wiki ya tatu, nikiwa bado kwenye majaribio, niliitwa nipige Windows upya kwenye kompyuta ya karakana, iliyokuwa inawaka kwa kubembelezwa. Mafundi mnapajua pale: unga wa plasta umelala juu ya kila kitu, mpaka kwenye chai. Kando ya kompyuta palikuwa na diski kubwa iliyounganishwa kwa waya, nyeupe pee kwa vumbi, na ndani yake vipimo vya watu mia tatu na kumi na wawili. Mama alikuwa anachonga, hata macho hakuinua. Akaniambia, "Mwanangu, kabla hujaanza, hiyo diski kubwa ifute kwanza. Ifute vizuri."

Ndugu zangu, ninyi mngefanya nini? Mtu amesomea kompyuta, anaambiwa diski ifutwe, atawaza kitambaa? Nikaichagua ile kubwa kwenye orodha. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena, nikaona inanichelewesha. Nikaifuta vizuri kama nilivyoagizwa, kwa ule ufutaji ambao kitu hakirudi.

Baada ya saa moja Mama alikuja, akapitisha kidole juu ya diski, akakitazama.

"Mbona vumbi liko palepale?"

"Vumbi gani, Mama?"

Tukatazamana. Nikageukia kompyuta: diski ilikuwa bado nyeupe kwa nje, na ndani tupu.

Vipimo vile havikuwa na nakala. Mtu akija na mguu uliochakaa, tulikuwa tunafungua faili lake, tunamchongea mwingine kama ule, anaondoka. Sasa tungechonga kwa kutazama nini? Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye hakuwa mtu wa mzaha, alituita ofisini, na barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa mezani ikisubiri sahihi tu. Akauliza, "Nani alisema ifutwe?" Nilifungua mdomo, Mama akanitangulia. "Mimi. Nilimwambia aifute, akaifuta. Kama kuna barua, andika jina langu." Miaka kumi na tisa ya utumishi wake aliiweka rehani kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake alikuwa bado analikosea.

Barua haikutiwa sahihi. Tulichukua daftari la simu la mapokezi, tukawaita watu mmoja mmoja kwa miezi mitano. Yeye akipima, mimi nikiandika. Na hapo ndipo tulipojionea. Alikuja dereva wa lori ambaye kwa miaka minne alivaa soksi tatu ndani ya mguu wake ili usichomoke, maana kigutu chake kilikuwa kimepungua unene na sisi tunamchongea kipimo kilekile. Alikuja mwalimu aliyekuwa akifundisha ameketi. Mama alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Nilidhani mguu wa bandia lazima uume." Mama alitoka nje akalia. Aliporudi alisema kwamba kuanzia siku ile hakuna mguu utakaochongwa kwa faili. Kila anayekuja atapimwa upya, hata kama alikuja mwezi uliopita. Hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Mwalimu, samahani, hebu simama kidogo watu wakuone. Mmemwona? Hakushika kiti.

Sisemi kosa langu lilikuwa jema. Wapo waliosubiri miguu yao kwa sababu yangu, na ninawaomba radhi tena mbele yenu.

Jana Mama alinikabidhi vipimo vyote, na leo vina nakala tatu. Nilitegemea atanipa na futi yake. Hakunipa, na naona anayo hapo shingoni. Alinipa kitambaa hiki cheupe, akasema, "Siku ukimwambia mtu afute, mpe na kitambaa mkononi."

Mama, nilikusudia kukitunza kwa ajili ya ile diski. Lakini tangu asubuhi nimeshakitumia mara mbili, na si kwa vumbi. Asante kwa kusema "mimi" siku ile. Nanyi nyote, kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana.