Unga Niliomnyima Mama

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu asubuhi. Mimi si msemaji, lakini leo mwenyekiti wetu kanibana, sina pa kukimbilia.

Kazi yangu ni kemia. Nikiwa maabara naunda molekuli ambazo hazijawahi kuwepo, zenye umbo la pete, na katika ile pete ya kaboni tunapachika naitrojeni. Kisha tunaangalia kama zinaua saratani. Miaka ile vijana wenzangu walikimbilia kufungua maduka, mimi napika pete. Mjomba alikuwa akiniuliza zinavaliwa kidole gani.

Basi, unga mmoja wa njano ukaua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara. Sikukuu nikaenda nyumbani Sengerema, nikasimulia. Mama akapiga vigelegele. Ndugu zangu, nawaambia, sikujua kuwa vile vigelegele ni vya mgonjwa.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi, kauficha. Ulipojulikana, akagoma kwenda hospitali. "Wanikate ya nini? Namsubiri mwanangu na dawa yake." Na majibu mapya yalikuwa yameshanifikia: unga wangu unaua hata seli zenye afya.

Nilieleza mpaka nikachoka. Ukoo ukakaa kikao, shangazi akasema mbele yangu, "Kasomeshwa kwa pamba ya mama yake, leo anambania!" Nikaacha kula, maabara nikaacha kwenda. Hata kusali nilishindwa. Kuna siku nilipitia maabara, nikaushika ule unga nikawaza, nimpe tu, waridhike.

Niliporudi tena Sengerema nikamkuta mjomba zizini, bomba la kupulizia dawa mkononi. Josho la kijiji lilikuwa limekufa, kila mtu ananunua dawa ya kupe dukani na kuogesha ng'ombe wake mwenyewe.

"Mjomba, hiyo inaua kupe?"

"Inaua sana."

"Basi mnyweshe ng'ombe."

Akanitazama. "We mtoto, unataka niue ng'ombe?"

Hapo nikaanza kulia. "Na unga wangu ndivyo ulivyo, mjomba. Kupe anakufa, na ng'ombe anakufa."

Akaweka bomba chini, akaingia kwa Mama. Wakaongea Kisukuma muda mrefu, mimi nimekaa nje, nasikia wanataja kupe na ng'ombe. Mama akatoka amejifunga khanga ya safari. "Haya, twendeni huko kwa kukatwa."

Busisi tulingoja kivuko mpaka jua likawa kali, mjomba kamshikia mwavuli. Mjini wakamfanyia upasuaji, titi likaondolewa.

Namshukuru mjomba. Nawashukuru wauguzi, na ninyi wa Ilemela mliotuletea uji hospitalini bila kutujua. Maabara nilirudi, bado napika pete zangu, na nyingi bado zinaua kila kitu. Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa anayekungoja, mweleze kwa mambo ya kazi yake anayoyajua, na umweleze mapema.

Mama yupo, yule pale mstari wa nyuma, anacheka. Mpaka leo anawaambia watu kwamba nilimnyima dawa. Ni kweli, Mama. Nilikunyima.