Mfuniko wa Kokoto za Matofali

Bwana asifiwe, wapendwa! Na nyie akina baba wa viti vya nyuma, itikieni vizuri, maana leo mnahusika.

Mimi ni Mama Mugisha wa Kimuli. Miaka ile ya themanini tulikuwa tunajenga kanisa letu, na pembeni tukachimba tangi la kukingia maji ya mvua. Likabaki kufunikwa kwa zege. Wazee wa kanisa wakasema kokoto ziwe za mawe, na mawe yako ng'ambo ya kilima. Nani atayabeba? Sisi akina mama, kichwani, tukitoka kulima!

Ndugu zangu, nilikataa mbele ya watu. Nikasema pale kwenye tanuru kuna rundo la matofali ya kuchoma yaliyovunjika, tuyaponde hayo. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe mama, umekuwa fundi lini?" Lakini fundi wetu, mtu wa asili ya Rwanda, akasema inawezekana. Zege lake huwa jepesi; gari lisipite juu, ila mtu atapita. Akatuagiza tuzilowanishe kokoto kwanza, maana tofali kavu linakunywa maji yote ya zege. Tukaponda, tukalowanisha, naye akamwaga mfuniko vipande vipande, akavipanga juu ya tangi, akaacha tundu dogo la ndoo. Watu wakauita mfuniko wa wavivu. Niliumia, siwafichi.

Sasa sikilizeni. Siku ya soko la Nkwenda wanaume walikuwa wameondoka na ndizi zao. Sisi wanawake tunapalilia shamba la kanisa. Mugisha wangu alikuwa mdogo, hajaanza hata shule, anacheza kando ya tangi. Nikasikia kitu kimetumbukia majini. Kugeuka, ndoo iko juu, mtoto hayupo!

Nilikimbia, nikachungulia tunduni. Giza. Nikamsikia anakohoa, anapigapiga maji, ananiita. Nikapitisha mkono mpaka begani, sikumfikia. Nikataka kuingia mwenyewe, mabega yakakwama. Jamani, mtoto wangu yuko chini yangu pale na sina njia! Nikamshushia kamba ya ndoo. Akaishika. Akaiachia. Kisha ikawa kimya.

Kimya kile, ndugu zangu, sijakisahau. Nilipiga kelele, "Mukama wange, Bwana wangu, si huyu!" Wenzangu wakafika mbio, Bibi Anastela akiwa mbele na umri wake wote. Akanifokea, "Acha kulia, nyanyua!"

Tukaingiza majembe chini ya ukingo wa kipande kimoja, tukakandamiza mipini. Kikagoma. Tukakandamiza tena, mpini mmoja ukavunjika. Tukaingiza vidole, kucha zikang'oka, na kipande kikanyanyuka! Wanawake watupu! Kingekuwa cha mawe, tungeketi pale tukilia mpaka wanaume warudi.

Tukakisukuma kando, nikaruka ndani. Maji yakanifika kifuani. Nikapapasa huku, nikapapasa kule, nikagusa shati. Nikamtoa amelegea mwili mzima. Bibi akamlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongoni. Akatapika maji. Akalia! Aleluya, akalia!

Jioni wazee walikuta kipande kimelala majanini. Yule aliyeniuliza nimekuwa fundi lini alishika ukingo wake, akaunyanyua kidogo, akaushusha, akavua kofia.

Wapendwa, pale kwenye tanuru mimi nilidhani naitetea shingo yangu tu. Kumbe Mungu alikuwa ameshaanza kumwokoa mwanangu! Wewe uliyekwama leo, usiseme amechelewa. Mwite. Ita na wenzako, mshike pamoja, mnyanyue. Mtumaini, hajalala.

Asante Yesu! Mugisha, simama baba, wakuone. Usione aibu. Huyu kijana ndiye aliyewachotea maji ya kunawa asubuhi hii, kwenye tangi lile lile.