Mama Spès, Aliyeujaza Watu Mji wa Nyamurindi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Spès Mukabalisa anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka kumi na tisa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa furaha. Furaha ninayo, ila imechanganyika na mshangao, kwa sababu hadi leo wengi wetu ofisini hatujui tumwelezeje mgeni kazi aliyokuwa akiifanya.

Alipoajiriwa mwaka 2006 mambo yalikuwa rahisi. Studio ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Muhima, juu ya duka la magodoro. Yeye alikulia Bujumbura na alikuwa ameandika michezo ya jukwaani huko, kwa hiyo akapewa kuandika maneno ya vibonzo vya afya. Tulipohamia Kicukiro na kuanza kutengeneza michezo ya video, mkurugenzi wetu Kellen alimpa jukumu jipya: kuujaza watu mji wa Nyamurindi. Mchezaji huingia mjini humo kama msafiri anayemtafuta dada yake. Wengine wote anaowakuta, fundi cherehani, muuza maandazi, kinyozi, ni watu wa Mama Spès.

Watu wake wa kwanza walikuwa vituko. Waliamka wote kwa pamoja, wakaenda kanisani kwa pamoja, wakakwama mlangoni kwa pamoja. Mama Spès akaacha kompyuta, akaenda kushinda sokoni Kicukiro akitazama jinsi watu wanavyochagua parachichi na jinsi wanavyosahau walichofuata. Alimfuata mama mmoja mpaka yule mama akageuka na kumuuliza, "Wewe mama, iko mutu ya kodi?" Alirudi akicheka, na jioni hiyo Nyamurindi ikapata muuza parachichi anayemshuku kila mteja.

Baadaye yeye na Rwema, mwandishi wetu wa programu, waliwapa watu hao ujirani. Mtu asipomwona jirani yake mahali pake pa kawaida, aende kumpigia hodi. Asipojibiwa, asubiri mlangoni. Basi, hilo tu. Tulilipenda, tukalisahau.

Mwaka jana, siku chache kabla ya kuwaonyesha mchezo wageni wa kampuni iliyotaka kuusambaza, tuliufungua asubuhi tukakuta soko tupu. Maandazi yako kwenye mafuta, mwenyewe hayupo. Kinyozi amemwacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Mji mzima umesimama kimya mbele ya nyumba moja ndogo. Rwema alisema Mama Spès ameandika kitu vibaya. Mama Spès alisema Rwema ameharibu kitu. Wote wawili walirudi nyumbani wamenuna.

Kesho yake walikaa pamoja wakamfuatilia fundi cherehani tangu anapofungua duka. Alitazama benchi la jirani, akaweka mkasi chini, akaenda kwenye ile nyumba, akapiga hodi, akasimama. Muuza maandazi akamkosa fundi, akamfuata. Kinyozi akamkosa muuza maandazi.

"Nani anakaa humu?" Rwema aliuliza.

"Mzee Kubwimana. Lakini mbona simwoni?"

Eddie, ambaye kazi yake ni kuupunguzia mchezo uzito ili uende kwenye simu, aliinua kichwa. "Yule wa benchi? Nilimtoa. Hakuwa na kazi."

"Alikuwa anasalimia," alisema Mama Spès.

Kellen alitaka ujirani uondolewe. Eddie, kwa aibu, alisema kumrudisha mzee ni jambo la dakika chache. Mama Spès alikataa yote mawili, na nadhani alijishangaa hata yeye. Sababu yake ilikuwa Régis, dereva wa pikipiki kutoka Masaka anayetujaribia michezo. Alikuwa amecheza siku iliyotangulia, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Muzee ya benchi iko wapi? Alikufa?"

"Régis ameshampoteza," Mama Spès alimwambia Kellen. "Nikimrudisha leo, nitamwambia nini? Kwamba tulikuwa tunatania?"

"Spès, ni mchezo. Wageni wanakuja Jumatatu."

"Najua ni mchezo. Ndiyo maana nimechanganyikiwa. Nipe mpaka Jumatatu."

Kellen alimpa, huku akiwa na hakika kwamba mkataba umeponyoka. Mama Spès, Rwema na Eddie waliweka viti nje ya ile nyumba, wakawasha moto, wakawafundisha watu kuongea polepole. Kisha wakawapa siku ya kumaliza msiba kama tunavyofanya hapa: wanywe pamoja, wainuke, warudi kazini mmoja mmoja. Msafiri naye akitaka, anaweza kuketi nao.

Jumatatu, mgeni mmoja aitwaye Joselyne, aliyekuja kuuliza kama mchezo una mapigano, alimketisha msafiri wake miongoni mwa waombolezaji, akatulia.

"Imekwama?" Kellen alinong'ona.

"Hapana," alijibu Joselyne. "Naomba mniache kidogo."

Mchezo ulichukuliwa. Sisi tulipiga makofi, Mama Spès akaenda barazani. Nilimkuta analia na kucheka. "Nilimtunga mimi, Eddie akamfuta," aliniambia. "Sasa namlilia kama nani?" Nilimshika mkono tu, tukasimama hapo.

Mwezi uliopita Kellen alimsihi abaki miaka miwili zaidi. Mama Spès alimshukuru sana, kisha akasema anahamia Masaka kwenye kiwanja chake, alime maharage. "Nataka kuishi na watu ambao sikuwapangia saa ya kulala," alisema.

Mama Spès, asante kwa vicheko, kwa ubishi, na kwa kutufanya tusijue tunachokifanya mpaka tukakifanya vizuri. Maharage yastawi, mgongo usichoke kwa jembe, na hao watu wa Masaka wakushangaze kila siku.