Jonah Kivuva Musembi, Aliyebeba Redio Kwenda Mnadani

Marehemu Jonah Kivuva alizaliwa tarehe 14 Aprili 1941 karibu na Salama, upande ambao siku hizi ni wilaya ya Makueni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Musembi, kibarua wa reli, na mama Nzilani. Mama huyo alizoea kutusimulia sisi wakwe kwamba Jonah alichapwa mara mbili kwa kulaza sikio juu ya reli, na mara ya pili aliendelea kusema huku akilia, "Lakini inakuja, baba, nimeisikia." Treni ilikuja kweli. Fimbo alizokwisha kula hazikurudishwa.

Alisoma shule ya misheni karibu na kwao kuanzia mwaka 1949, akapita mtihani wa darasa la nane mwaka 1956. Mwaka 1959 alichukuliwa Nairobi kufundishwa ufundi wa simu na redio, na mwaka 1964 akaletwa Kitui mjini kama fundi wa serikali. Angeweza kukaa hapo mpaka pensheni. Lakini mwaka 1974, ule mwaka wa njaa, aliiacha kazi hiyo akajiunga na zahanati saba za kanisa, kuanzia Kabati mpaka kule chini kabisa ambako hakukuwa na simu wala barabara ya maana. Alipandisha mtambo juu ya kilima cha Mutonguni, na kila zahanati akaiwekea redio ya kuitana inayotumia betri ya gari.

Tangu hapo, kila siku saa moja asubuhi, Jonah aliketi nyumbani kwake mbele ya redio yake akaita zahanati kwa majina, moja baada ya nyingine, na kila muuguzi akajibu, "Niko." Asiyejibu alifuatwa siku hiyo hiyo kwa pikipiki. Mama akishindwa kujifungua, mtoto akiumwa na nyoka, gari la hospitali ya serikali, iliyokuwa nayo na redio, liliitwa kwa redio hiyo. Wengine mlioketi hapa mko hai kwa sababu hiyo, na mnajijua.

Tarehe 9 Desemba 1967 alimwoa dada yangu Mbula. Mimi ni Kilonzo, dalali wa ng'ombe katika soko la Kabati, ndugu yake Mbula. Siku ya mazungumzo ya mahari Jonah alikuja na redio ndogo kwapani. Habari zilipoanza baba yangu aliwanyamazisha wazee wote asikilize, na zilipokwisha alikuwa amesahau alikuwa amefika mbuzi wa ngapi. Jonah alimkumbusha, tena kwa hesabu sahihi, ndipo baba akasema huyo anaweza kuchukua msichana.

Sehemu inayofuata haimo kwenye programu mlizoshika. Kamati ya mazishi iliikata, ikasema haifai mbele ya wageni. Nitaisoma kutoka kwa mwandiko wangu.

Mapema mwaka 1997 serikali ilitangaza kwamba itapiga mnada masafa, yaani zile njia za hewani ambazo redio hupitia, ili kampuni zilete simu za bila waya. Masafa ya zahanati zetu yalikuwa ndani ya furushi la Ukambani, yaani fungu la masafa ya upande wetu lililouzwa kwa pamoja. Jonah aliiandikia ofisi ya masafa barua nne. Hakuna iliyojibiwa. Alikuja kwangu sokoni akaniuliza, wewe mtu wa minada, mimi nifanye nini. Nikamwambia, "Shemeji, beba hiyo kitu uende nayo. Hakuna mnada mali haiko uwanjani. Wakiona iko na mwenyewe, hawawezi kuuza."

Niliamini hivyo kwa sababu ndivyo tunavyofanya Kabati. Ng'ombe huingizwa zizini, mnunuzi humfungua mdomo, humtazama alama ubavuni. Akitokea mtu akasema huyu ni wangu, mnada unasimama mpaka chifu aje. Na sisi ndio tunaoitwa wezi.

Alhamisi tarehe 13 Machi 1997 Jonah aliingia katika hoteli moja Nairobi akiwa na suti yake ya harusi, redio begani, na daftari zote za miaka ishirini na mitatu ndani ya gunia. Walimkalisha karibu na mlango. Furushi letu lilipotajwa alisimama akasema kwamba mali hiyo inatumika, na ushahidi ni huu. Ukumbi ulicheka. Bwana mmoja mwenye tai alimwambia, "Mzee, hii si soko ya mbuzi. Hapa tunauza hewa."

Jonah akamjibu, "Hewa hiyo iko na watu."

Waliuza. Alisema ilichukua muda mfupi kuliko mimi ninavyouza beberu. Mwezi Juni maafisa walizunguka zahanati zote saba na nyumbani kwake, wakafunga swichi za redio kwa waya na lakiri nyekundu, wakamsainisha kila muuguzi kwamba akiivunja zahanati itafungwa. Ile kampuni iliyonunua haijaweka mlingoti hata mmoja upande wetu. Ilinunua ikakalia. Jonah alibaki na kiredio cha kusikilizia tu, na kila saa moja asubuhi alikifungua kwenye masafa hayo, akitumaini wenyewe wameanza kazi ili akawaombe nafasi kidogo. Kisha aliandika katika daftari neno moja: Kimya. Nimezipitia kurasa hizo. Nilishindwa kuzimaliza.

Mwaka huo huo alianza kuugua presha. Jumanne tarehe 16 Februari 1999 alikwenda zahanati ya mwisho kutengeneza friji ya chanjo, na saa tatu asubuhi akabanwa na kifua. Sista Mutindi, muuguzi wa pale, aliukamata ule waya wa lakiri aukate aite gari. Jonah alimshika mkono, akamwambia, "Usivunje, sista. Watafunga hapa, na hawa watu wataenda wapi?" Kijana wa baiskeli alitumwa kutafuta simu. Gari lilifika saa tisa. Jonah alikuwa amekata roho saa saba na nusu, akiwa na miaka hamsini na saba. Baadaye tuliuliza hospitali. Redio yao haikuwa imefungwa lakiri, na gari lao lilikuwa limeegeshwa asubuhi yote.

Shada kubwa lenye utepe mnaloliona limeletwa na bwana mmoja kutoka ofisi ya masafa, ambaye ameketi pale mbele na amekula chakula chetu. Nimelisogeza mbali na jeneza. Siombi radhi.

Marehemu ameacha mjane, Mbula; watoto watatu, Kaluki, Muli na Nzuki; wajukuu watano; na dada yake Kalondu wa Salama. Ameniacha pia mimi, niliyemtuma na redio kwa watu wasiojua mnada ni nini.

Wengi mmeuliza mbona sista Mutindi hayuko hapa. Wauguzi wote saba wamebaki kazini. Leo saa moja asubuhi, kabla hamjafika, nilikata lakiri ya redio ya Jonah kwa kisu changu cha sokoni, na wao wakakata zao. Dada yangu Mbula aliketi kwenye kiti cha mumewe akaita majina. Hakuhitaji karatasi, ameyasikia miaka ishirini na mitatu. Wote saba walijibu, "Niko."

Bwana wa shada, wazo lilikuwa langu, na soko la Kabati ni Jumatatu, utanipata. Kesho saa moja tutaita tena.

Jonah, shemeji yangu, lala kwa amani. Wako wote.